Kona ya Muziki: Namba Zilikubali, Masikio Yakakataa

Mliohudhuria sherehe yetu ya mwisho wa muhula mtakumbuka kilichotokea saa nne na nusu usiku. Ukumbi umejaa, watu wanacheza, mara muziki ukageuka kama redio mbili zinazogombana chumba kimoja. Dada mmoja aliyekuwa mbele alinitazama kama mtu aliyetafuna jiwe ndani ya wali. Wengine wakakumbuka ghafla kwamba wana kiu. Aliyekuwa kwenye mashine ni mimi, na kwa kuwa tangu siku ile naulizwa "ulifanya nini?", acheni nijibu hapa mara moja.

Wimbo uliokuwa ukipigwa ulikuwa na mapigo 123 kwa dakika, katika ufunguo wa A maina. Nilikuwa nikiuingiza mwingine juu yake, rimiksi ya dipu hausi niliyoipenda wiki nzima: mapigo 116, nayo A maina. Programu yangu iliziandika zote mbili 8A. Nikaona kazi imekwisha.

Hiyo 8A inatoka kwenye gurudumu la Camelot, ambalo limepangwa kama saa ya ukutani, namba 1 hadi 12. Herufi A ni maina, B ni meja. Ukitaka nyimbo mbili zipatane, unabaki kwenye namba yako, au unasogea hatua moja mbele au nyuma, au unabadili herufi tu. 8A ina majirani 7A, yaani D maina, na 9A, yaani E maina. Majirani hao wana noti sita kati ya saba zilizo sawa na zake. Ukivuka kwenda 8B, C meja, zote saba ni zilezile.

Basi nikaisukuma rimiksi kutoka 116 hadi 123 ili mapigo yaende pamoja, na nikasahau kuwasha kitufe kinachozuia ufunguo usihame. Kutoka 116 hadi 123 ni ongezeko la asilimia 6 hivi, na asilimia 6 ndiyo nusu toni. A maina yangu ikapanda ikawa B-flati maina, yaani 3A, huku kioo kikiendelea kuniandikia 8A. Funguo hizo mbili zina noti mbili tu za pamoja, C na F. Nyingine zote zilikuwa zinasukumana.

Enzi za santuri jambo hili halikuwa siri. Ukiizungusha haraka, mwendo na sauti vinapanda pamoja, kama kaseti inayokwenda mbio. Mashine ya Technics SL-1200MK2 ilikuwa na kitelezi cha asilimia 8 juu na 8 chini, kwa hiyo nusu toni nzima ilikuwa ndani ya uwezo wa kidole. Frankie Knuckles alipokuwa akichezesha pale Warehouse, Chicago, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuwa na kitufe cha kumwokoa. Alikuwa na masikio na hedifoni.

Na dipu hausi haisamehi. Sikilizeni kazi za Larry Heard, kwa mfano "Can You Feel It" ya mwaka 1986: kinanda kinatandaza noti nne au tano kwa pamoja na kuziacha zielee. Halafu desturi ya muziki huu ni kuziacha nyimbo mbili zipishane polepole, dakika nzima au zaidi. DJ wa hip-hop akikata wimbo kwa ghafla, kosa lake linapita kama chafya. Langu lilikaa dakika nzima.

Mtaniambia, basi washa kitufe. Nakiwasha, lakini si bure. Ukivuta wimbo mbali sana na mwendo wake, mwimbaji anaanza kusikika kama yumo ndani ya ndoo, na ngoma ya chini inapoteza makali. Kwangu mimi mpaka ni asilimia 3. Bila kitufe, asilimia 3 hiyohiyo ni balaa zaidi ya 6, maana sauti inaangukia robo toni, katikati ya funguo mbili, na hakuna wimbo wa kuoana nayo. Siku hizi nikitaka kufika 123 kutoka 116, napanda kwa nyimbo tatu nne. Nikikosa nafasi hiyo, nasubiri mwisho wa wimbo. Rimiksi nyingi za klabu huanza na kumalizika kwa ngoma tupu, na ngoma tupu hazigombani sana.

Mwalimu wetu mmoja, mtu wa Unguja na mpiga udi, alinifuata usiku ule. Nilidhani nitagombezwa. Akasema, "Mwanangu, na rasti utaiandika namba gani?" Nikaenda kujaribu na rimiksi moja ya taarabu. Programu ikaniambia C meja bila kusita. Lakini noti ya tatu ya rasti inakaa kati ya ile ya meja na ile ya maina, na gurudumu halina chumba cha kuiweka. Nilipoweka kinanda cha C meja juu yake, nikamsikia yule dada akitafuna jiwe tena.

Kwa hiyo sherehe ijayo, taarabu itaingia juu ya ngoma tupu. Shikamoo, mwalimu, njoo na udi.