Breki za gari dogo ni mtaji: rekebisha kwanza, ndipo uongeze

KATIKA ukurasa kama huu msomaji amezoea kukuta bei za kahawa, maharage na ndizi. Lakini gunia la maharage la Murukulazo halina bei kamili mpaka lifike sokoni, na mwenye gunia naye afike salama. Wafanyabiashara wadogo wengi wa Ngara na Biharamulo husafiri kwa magari madogo ya Toyota yenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu: Starlet, Vitz na IST. Kwa hiyo breki za magari hayo ni habari ya soko kama bei yenyewe.

Magari haya si mapya. Starlet za mwisho zilitoka kiwandani mwaka 1999. Toleo la kwanza la IST lilitengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2007. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, wakati Tanzania inaliruhusu kwa kulitoza ushuru zaidi. Mwekezaji mdogo anayetaka gari la kuanzia biashara hujikuta ananunua lenye umri wa kijana aliyekwisha kuoa.

Akishalinunua, ushauri unaomfikia mapema ni huu: "Breki za kigari hiki ni ndogo, weka kubwa." Ataambiwa atafute diski na kalipa za toleo lenye nguvu zaidi, kwa mfano za Starlet yenye turbo, azifunge mwenyewe nyumbani akisaidiwa na fundi wa jirani. Maoni yetu ni kwamba kwa mwenye mtaji mdogo ushauri huo umeanzia mwisho. Breki za kiwandani zilizo katika hali nzuri humfaa zaidi kuliko breki kubwa zilizofungwa juu ya mfumo uliochoka.

Tuanze na kazi yenyewe ya breki, ambayo ni kugeuza mwendo kuwa joto. Chukua gari lenye uzito wa kilo 1,400 pamoja na abiria na mizigo. Likishuka mteremko wenye kimo cha mita 200 huku dereva akitegemea breki peke yake, joto linalozalishwa lingetosha kuchemsha takriban lita 8 za maji ya baridi. Joto hilo lote linaingia katika vyuma vichache, hasa vya magurudumu ya mbele. Aidha, mwendo ukipanda kutoka kilometa 40 kwa saa hadi 80, kazi ya kusimamisha gari haiongezeki mara mbili bali mara nne.

Hapo ndipo mafuta ya breki yanapoingia katika hesabu. Kwa viwango vinavyotambulika duniani, mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kila siku. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 140 tu. DOT 4 huanzia nyuzi 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na unyevu huo. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva anakanyaga, pedali inazama hadi chini, na gari linaendelea kwenda.

Kwa maneno mengine, gari lililokaa miaka mingi bila kubadilishwa mafuta linaweza kukosa breki mteremkoni hata kama lina diski kubwa na pedi mpya. Chupa moja au mbili za DOT 4 zilizofungwa vizuri, pamoja na kazi ya kutoa mafuta yote ya zamani na hewa, ndilo ongezeko la kwanza la breki. Hakuna jingine litakalokurudishia thamani kubwa namna hiyo kwa shilingi uliyotoa.

La pili ni mipira ya breki. Ikizeeka huvimba kwa ndani au kutanuka dereva anapokanyaga, na nguvu ya mguu inaishia humo. La tatu ni breki za nyuma, ambazo katika magari mengi ya namna hii ni za dramu. Zikiachwa bila kusafishwa wala kurekebishwa, mzigo wote unahamia mbele. La nne ni pedi, na hapa mfanyabiashara afanye hesabu zake za kawaida. Tuseme, kwa mfano tu, pedi za sh. 20,000 zinadumu wiki 5, na za sh. 45,000 zinadumu wiki 15. Za kwanza zinakugharimu sh. 4,000 kwa wiki, za pili sh. 3,000. Bado hujahesabu siku ambazo gari lililala kwa fundi.

Je, breki kubwa hazina maana? Zina maana, kwa sababu diski nene yenye matundu ya kupitisha hewa huvumilia joto kwa muda mrefu zaidi. Lakini hazifupishi sana umbali wa kusimama mara moja kama breki za zamani tayari zina nguvu ya kufunga magurudumu. Hapo kinachoamua ni tairi na barabara. Tairi lililoisha kwenye changarawe halisaidiwi na kalipa yoyote.

Tena breki kubwa zina masharti. Huenda zisiingie ndani ya rimu ya inchi 13. Kalipa kubwa ikilishwa na masta silinda ndogo, pedali huwa ndefu. Ukiongeza nguvu mbele au nyuma bila kutazama uwiano, gari linaweza kuyumba au kugeuka linapofungwa breki ghafla. Anayeamua kubadilisha anunue seti kamili ya gari la ukoo mmoja, si kipande cha hapa na kipande cha pale, na aijulishe kampuni yake ya bima. Kumficha mwenye bima mabadiliko hayo ni kujitafutia ugomvi siku ya madai.

Nyumbani mwenye gari afanye yaliyo ndani ya uwezo wake: kutazama kiasi cha mafuta kila wiki, kutafuta dalili za uvujaji, na kupima unene wa pedi gari likiwa juu ya stendi imara, kwani jeki peke yake haitoshi. Vumbi la breki lisipulizwe, lisafishwe kwa maji, maana pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Mafuta ya injini yasiwekwe kamwe katika mfumo wa breki, kwa kuwa huharibu mipira ya ndani. Kazi ya kufungua kalipa, masta silinda na kutoa hewa afanye fundi anayeijua, mwenyewe akiwa amesimama pale.

Kwa wenye maduka ya spea, hapa pana biashara. Njia za Rusumo kuelekea Rwanda na Kabanga kuelekea Burundi zina magari ya kutosha. Duka lenye chupa ndogo za DOT 4 ambazo hazijafunguliwa, mipira mipya na pedi za kuaminika litapata wateja wanaorudi. Asiuziwe mtu mafuta yaliyobaki katika chupa iliyofunguliwa mwezi uliopita. Faida ya nusu chupa hailingani na hasara inayoweza kumpata mteja.

Kwa mwekezaji, ushauri wetu ni mfupi. Unapopanga bei ya kununua gari dogo, tenga kabisa fedha za mafuta ya breki, mipira, pedi na dramu kabla ya redio na rangi. Kama fedha hizo hazipo, basi gari hilo bado hujaweza kulinunua. Na dereva utakayemkabidhi aambiwe jambo moja lisilo na gharama: gia anayopandia mlima ndiyo ashukie.