MAKATO YAFIKA, MAELEZO HAYAFIKI

Ndugu Wafanyakazi,

Tangu Oktoba 1, 2024, SHA ilishika mahali pa NHIF. Mishahara yetu yakatwa asilimia 2.75, na makato hayo hayajui shida ya mtandao: mwezi ukiisha, yamekwisha kuchukuliwa. Lakini kuandikisha mke na watoto, twaambiwa, "Bonyeza *147#," ama, "Ingia Afya Yangu."

Je, mama wa Gatwekera kule Kibera, au wa Gatina kule Kawangware, ambaye nyumbani mna simu moja tu, nayo imekwenda kazini na mumewe, abonyeze nini? Na asiyeelewa ujumbe, amwulize nani?

Hatuikatai simu. Twakataa iachwe peke yake mlangoni pa zahanati. Mwaka 2023 Serikali iliwapa simu na vifaa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wapitao nyumba kwa nyumba. Basi walipwe kwa wakati, wawekewe meza kila wiki Kibera na Kawangware, waeleze kwa Kiswahili na kujibu maswali.

Wa kukata wametufikia. Wa kueleza nao watufikie. Ndugu, lileteni neno hili mkutano ujao.