Tiba ya Askari Ni Deni, Si Sadaka

Ndugu msomaji, dola inapomtuma kijana vitani huwa imejifunga naye kwa ahadi: akirudi na jeraha, tiba yake ni deni lililo juu ya hazina. Tazama basi namna dola tajiri kuliko zote ilivyolilipa deni hilo.

Mwaka 2014, mjini Phoenix katika jimbo la Arizona, wakaguzi wa serikali ya Marekani walikuta askari wastaafu wapatao 1,700 wakisubiri kumwona daktari wa hospitali yao ya serikali, hali majina yao hayamo katika orodha rasmi. Hospitali ilikuwa imearifu kwamba mgonjwa husubiri siku 24. Wakaguzi walipochunguza wagonjwa 226, walipata wastani wa siku 115. Kulikoni? Makao makuu yaliweka lengo la siku 14, na bonasi za wakubwa zikafungamanishwa nalo; basi ikawa ni rahisi zaidi kutibu daftari kuliko kumtibu mtu. Waziri Eric Shinseki, jenerali ambaye mwenyewe aliacha sehemu ya wayo wake Vietnam, alijiuzulu.

Watasema hilo lilikuwa kosa la makarani. La hasha! Katika miaka ya 1960 ndege za Marekani zilimwaga sumu ya kuua majani, Agent Orange, juu ya misitu ya Vietnam. Sheria ya kuwatambua askari walioathirika nayo ikapitishwa mwaka 1991. Iraq na Afghanistan, takataka za kambi zikachomwa katika mashimo ya wazi, pamoja na plastiki na kemikali. Askari waliorudi na maradhi ya mapafu wakadaiwa ushahidi wa moshi walioamriwa kuuvuta, mpaka sheria ya mwaka 2022 ilipowaondolea wengi wao mzigo huo.

Insafu yataka tuseme kwamba wastaafu wengi huisifu tiba hiyo wakishaipata, na kwamba hata sheria iliyochelewa ni bora kuliko kukosekana.

Lakini moshi haukuwa na uraia. Sheria hiyo yamhusu askari wa Marekani. Wakazi wa Balad, nchini Iraq, waliokaa jirani na mojawapo ya mashimo makubwa kabisa, hawakutumwa na mtu yeyote popote. Walikuwa majumbani mwao. Hao hawamo katika orodha yoyote, si ya kweli wala ya uongo.