Kuifuata Barafu Inayokimbia



Chamonix, mji wa Ufaransa ulio chini ya Mont Blanc, uliandaa Olimpiki ya kwanza ya Majira ya Baridi mwaka 1924. Hata leo maelfu huenda huko kuteleza thelujini. Hatulaumu mapumziko; mwili hauna budi kupumzishwa. Lakini tuutazame mto wa barafu uitwao Mer de Glace. Mwaka 1988 mgeni aliyeshuka kwa kigari cha kamba alibakiwa na vidato vichache tu kuifikia barafu. Kufikia mwaka 2021 vilizidi 500. Mwaka 2024 kikafunguliwa kigari kingine, juu zaidi bondeni.

Twaona kwamba kukifuata kinachokimbia si kukitunza. Aipendaye theluji na aende kwa treni, akae siku nyingi, apunguze safari za ndege.