Jordan au LeBron: Ubingwa haujengwi na nyota mmoja

Mjadala kuhusu nani bora zaidi katika historia ya mpira wa kikapu Marekani, Michael Jordan au LeBron James, hauishi. Wanaomtetea Jordan huhesabu mataji sita aliyotwaa na Chicago Bulls kati ya 1991 na 1998, bila kupoteza fainali hata moja. Wa LeBron hutaja mataji manne akiwa na timu tatu, na rekodi ya ufungaji aliyoivunja mwaka 2023, iliyokuwa ya Kareem Abdul-Jabbar.

Hata hivyo, kidole kimoja hakivunji chawa. Jordan aliingia NBA mwaka 1984, lakini hakutwaa taji hadi alipokuwa na Scottie Pippen na kocha Phil Jackson. LeBron naye alihamia Miami Heat mwaka 2010 kuungana na Dwyane Wade na Chris Bosh.

Njia hiyo sasa imebanwa. Mkataba wa ligi na wachezaji wa mwaka 2023 unaziwekea vikwazo vikali timu zenye mishahara mikubwa kupindukia. Kati ya 2019 na 2025, misimu saba ilitoa mabingwa saba tofauti. Kumpima nyota wa leo kwa mataji sita ya Jordan, basi, ni kumwonea.