Jamaa alivyoingizwa mjini na watengeneza mabehewa

Msomaji wangu, kama una dili na kampuni na mkataba umeshapigwa mhuri, usianze kuchinja mbuzi. Sikiliza kwanza yaliyompata jamaa mmoja aitwaye Riche.

Kule Manchester, Uingereza, mzee John Ashbury alifungua karakana ya mabehewa mwaka 1837, mwaka uleule Malkia Victoria alioshika kiti. Mwaka 1841 akahamia Openshaw. Reli zilikuwa zinajengwa kila kona, kazi bwelele! Mwaka 1862 ikawa kampuni ya hisa, na kwenye katiba yake ikaandika shughuli zake: kutengeneza, kuuza na kukodisha mabehewa na vifaa vya reli, uhandisi wa mitambo, na ukandarasi wa jumla.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyoleta songombingo. Wakurugenzi walinunua haki ya kujenga reli nzima Ubelgiji, ujenzi wakampa Riche. Baadaye kampuni ikaruka kimanga: mkataba huo hatuutambui, kujenga reli hakumo kwenye katiba yetu! Yaani waliotia sahihi ni wao, wanaokana ni wao.

Riche akaenda mahakamani. Mwaka 1875 kesi ikafika House of Lords, iliyokuwa ndiyo mahakama ya juu kabisa. Lord Cairns na wenzake wakasema ukandarasi wa jumla ni ule unaoendana na uhandisi wa mitambo tu. Mkataba ni batili tangu siku ya kwanza, na hata wenye hisa wote wakinyoosha mikono kuukubali, haufufuki. Riche akatoka kapa.

Majaji walikuwa na hoja. Aliyenunua hisa za mabehewa hataki pesa zake zikachimbe reli ugenini. Halafu katiba ya kampuni ilikuwa wazi, Riche angeweza kuisoma. Sawa, lakini mimi bado namlilia. Kuna ofisi moja iliniagiza makala, siku ya malipo ikaniambia aliyekutuma hakuwa na madaraka. Roho iliniuma!

Uingereza kwenyewe, sheria ya makampuni ya 2006 hairuhusi tena ujanja huo, ingawa wanafunzi wa sheria, hata hapa kwetu, bado wanaikariri kesi ya Ashbury. Kampuni yenyewe iliunganishwa na nyingine mwaka 1902, kazi ikahamishiwa Saltley, Birmingham. Openshaw kimebaki kistesheni cha mwaka 1855 kinachoitwa Ashburys, na treni bado zinasimama.