Neno la Mhariri: Sampuli Isafiri

Katika maduka ya dawa ya Makina na Laini Saba kule Kibera, jijini Nairobi, na kando ya Barabara ya Naivasha pale Kawangware, kipimo cha mimba hakikosi. Zahanati nazo zina vipimo vya malaria vya tone moja la damu. Vyote hivyo hutegemea kingamwili za monoklonali, yaani kingamwili za aina moja tu, zinazozalishwa na ukoo mmoja wa seli na kushika shabaha moja. César Milstein na Georges Köhler walivumbua njia ya kuzitengeneza huko Cambridge mwaka 1975, wala hawakuichukulia hataza.

Toleo hili linahusu kingamwili hizo. Mimi naanza na saratani ya matiti, inayogunduliwa zaidi kuliko saratani nyingine yoyote nchini Kenya, kwa sababu hapo kipimo na dawa hufuatana. Kati ya wagonjwa 100, kama 15 hadi 20 huwa na uvimbe uliojaa protini iitwayo HER2 kupita kiasi. Maabara huipaka tishu kingamwili inayoing'ang'ania protini hiyo, na rangi ikikolea, jibu limepatikana. Kisha kingamwili nyingine, trastuzumab, ambayo wengi huijua kwa jina la Herceptin, hutiwa mshipani kila wiki tatu kwa mwaka mzima.

Kwa miaka mingi kilio kilikuwa bei, na kilikuwa kilio cha haki. Utepe wa kipimo cha mimba unahitaji chembe tu ya kingamwili. Mama wa kilo 60 anahitaji miligramu 480 kwa dozi ya kwanza na 360 kwa kila inayofuata, zote zikitoka kwenye seli hai zilizokuzwa kiwandani. Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hii kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na bado familia zikaendelea kuitisha michango. Ndipo mwaka 2025 Wizara ya Afya ikaafikiana na kampuni ya Roche: dozi ishuke kutoka karibu shilingi 120,000 hadi 40,000, na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipe. Naipongeza hatua hiyo kwa moyo wote.

Lakini dawa hii haitolewi kwa kubahatisha. Mwanamke wa Gatwekera, Kibera, aliyepapasa uvimbe titini lazima kwanza atolewe kipande cha nyama, kichunguzwe, kisha kipimwe HER2. Hiyo ni nauli, foleni, na siku nzima bila kibarua, si mara moja. Tena, kama ni mama mboga, SHA inamtaka alipe mchango wa mwaka mzima kwa mpigo, usiopungua shilingi 3,600. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole umempunguzia uzito, ila huo ni mkopo. Wengi hufika hospitalini saratani ikiwa imeshasambaa, na hapo dawa ambayo mapema ingechangia kuwaponya huwaongezea muda tu.

Kwa nini mgonjwa ndiye asafiri? Nchi hii imezoea kusafirisha makohozi ya kupima kifua kikuu na matone ya damu ya watoto wachanga ya kupima VVU. Tishu ya titi ikiwekwa upesi ndani ya formalini haihitaji hata friji. Sharti ni isikae humo zaidi ya saa 72 kabla ya kushughulikiwa, maana kipimo cha HER2 huweza kuharibika. Kutoka Kibera hadi Hospitali ya Kenyatta ni kilomita chache. Bodaboda mmoja mwenye kisanduku salama na ratiba inayoheshimiwa anatosha. Kituo cha Kibera South, ambacho Madaktari Wasio na Mipaka walikikabidhi serikali mwaka 2017, kimehudumia watu wenye VVU kwa miaka; wahudumu wake wakifunzwa na kupewa sindano za kutolea tishu, kazi hii wataiweza.

Kwa hiyo tunaitaka SHA iweke utoaji wa tishu na kipimo cha HER2 katika malipo yaleyale ya dawa, bila mgonjwa kutoa shilingi. Kaunti ya Nairobi nayo iteue vituo viwili vya kuanzia, kimoja Kibera na kingine Kawangware, na itangaze ni siku ngapi mgonjwa atasubiri majibu.